Daktari wa Mbuzi na Alama ya Buluu

Kwanza mnivumilie kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na mahali pengine nimekosea nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Nilifika darasa la nane tu, na hata nikiwa huko mwalimu alikuwa anafuta ubao kabla sijamaliza kunakili. Kuongea nako ni kubaya zaidi. Mbele ya watu maneno yananikwama hapa kooni na natazama chini. Lakini haya nimeyabeba miaka minne sasa, na kila nikiyakumbuka naona hasira upya, kwa hivyo nimenunua daftari.

Nataka kuwaeleza mtu mmoja. Sitamtaja jina. Kwetu, upande wa Ikutha, tulimwita Daktari tu, ingawa hakuwa daktari wa cheti. Alikuwa mzee wa kutibu mbuzi, ng'ombe na punda. Alikuja kwa baiskeli nyeusi, mfuko wa ngozi wenye zipu umefungwa nyuma kwa mpira, na chupa ya chai yenye maua mekundu ikining'inia kwenye usukani. Ndani ya chupa hiyo hakukuwa na chai. Alitia barafu na dawa za chanjo, zisiharibike kwa jua letu.

Ukimpa kiti alikataa. Aliomba ndoo, akaipindua, akaikalia, akanywa maji kikombe kizima bila kupumua, kisha akafuta miwani kwa ncha ya shati. Hapo ndipo kazi ilianza. Mama angesema, "Daktari, huyu mbuzi mweusi hajala tangu jana, na naona kama..."

"Mama, usiniambie. Nionyeshe."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake, kila nyumba. Usiniambie, nionyeshe. Aliinua mkia, akanusa mdomo wa mbuzi, akabonyeza tumbo, na mtu akiendelea kumweleza alijifanya hasikii. La pili lilikuwa hili: "Kama haionekani, haipo." Alilisema juu ya kupe, juu ya vidonda, hata juu ya ugonjwa wa jirani aliyependa kulalamika. Siku moja Mumo, mtoto wa dada yangu, alimkamata.

"Na minyoo, Daktari? Minyoo haionekani."

"Nimewapa dawa leo. Kesho asubuhi nenda nyuma ya zizi uangalie. Halafu uje uniambie kama haionekani."

Mumo alienda kweli, akaona, akakataa chakula cha mchana. Tulicheka siku mbili.

Nyumbani tulikuwa wanne. Mama, mimi, Mumo wa miaka sita, na dada yake Kanini aliyekuwa na miaka minne. Mama yao, yaani dada yangu mkubwa, alikuwa Malili kwenye barabara kuu, anapika chapati kwenye hoteli ya madereva wa malori, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi akipata nafasi. Baba alikuwa amekufa zamani. Aliyebaki wa baba ni Jaji.

Jaji alikuwa mbwa. Baba alimleta akiwa mdogo ndani ya kikapu, akamwita hivyo kwa sababu ukimsemesha aliinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza kesi. Mimi na yeye tulikua pamoja, ila yeye alizeeka akaniacha. Wakati ninaouandikia meno yake yalikuwa yamebaki machache, macho yana utando kama maziwa yaliyopoa, na miguu ya nyuma ilikuwa inamsaliti akitaka kupanda ngazi ya jikoni. Watoto walimwinua. Mumo alishika mbele, Kanini akasukuma nyuma akitoa amri kama turnboi wa lori: "Twende, twende, bado kidogo!" Kanini alijifunza kutembea akishika manyoya ya mgongo wake. Nyama ikipatikana, Kanini alimtafunia kwanza kwa meno yake mwenyewe, kisha akampa. Mama alipiga kelele mpaka akachoka.

Kila asubuhi Jaji alimsindikiza Mumo shule mpaka kwenye mto wa mchanga, akasimama ng'ambo ya huku mpaka mtoto apotee, akarudi. Saa saba alienda tena kumngoja, na hakuna mtu aliyemwambia ni saa saba.

Sasa Daktari na Jaji. Daktari alisema kila mahali kwamba yeye hatibu mbwa. "Mimi ni wa mali. Mbwa si mali." Alisema hivyo akiwa ameketi juu ya ndoo yetu na kichwa cha Jaji kiko kwenye kiatu chake. Akihasi mbuzi dume, alichokata alimrushia Jaji. Kanini akauliza, "Daktari, hiyo ni nini?" Akajibu bila kucheka, "Ni mambo ya wazee." Kuna siku Jaji alichomwa na mwiba wa mgunga ukavunjikia ndani ya mguu. Daktari aliutoa kwa sindano yake ya ng'ombe, polepole, akimwimbia wimbo wa kanisani kwa ile sauti yake nzito ya kwaya, akaniambia, "Usimwambie mtu. Wataniletea mbwa wote wa Ikutha."

Kwa hivyo mtu asiniambie Daktari hakumjua Jaji. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Alikuwa na kitabu. Kitabu kikubwa cha jalada gumu, cheusi, kilikaa ndani ya ule mfuko wenye zipu, na kila kazi aliyofanya aliiandika, nyumba na mnyama na dawa. Akiandika alisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anamwamuru mtu mwingine. "Mbuzi... watatu... dawa... ya minyoo." Ungemsikia kutoka barabarani. Watu walimheshimu kwa kitabu hicho. Walisema Daktari haandiki uongo.

Mimi nilimsikia akiandika uongo. Nilikuwa na miaka kama kumi na mbili. Alikuja na ile chupa yake, akaiweka kivulini jikoni, akaenda zizini. Mama, kwa wema wake, aliona chupa ya mgeni haina chai, imejaa maji baridi na vitu vya kioo. Akadhani ameisahau bila kuiosha. Akamwaga yote, akaisuuza vizuri, akaijaza chai ya maziwa ya moto. Daktari aliporudi akafungua chupa, mvuke ukampanda kwenye miwani. Nilimwona. Alichungulia ndani ya chupa. Mama akamwambia, "Nimekuwekea na tangawizi."

Daktari aliketi kwenye ndoo akanywa ile chai, vikombe viwili. Alisema ni tamu. Kisha akatoa kitabu na kuandika kwa sauti, "Dawa... zimeharibiwa... na jua." Akapanda baiskeli kurudi Ikutha kutafuta nyingine, na hakumwambia mama mpaka leo. Niliyemwambia ni mimi, miaka mingi baadaye, na mama akajifunika uso kwa leso.

Mnaona? Kwa ajili ya kikombe cha chai, asimwaibishe mwanamke, alilisingizia jua. Nilimpenda kwa hilo. Ndiyo maana sielewi.

Macho yake yalipoanza kuwa mabaya alinifanya niwe mkono wake. Akipita kwetu aliniita, "Kelitu, njoo uandike," yaani wewe msichana, na mimi nikaandika anavyosema. Hakunikimbiza. Mwalimu wa shule alinikimbiza, yeye hakunikimbiza hata siku moja. Nilikuwa nikimaliza neno, anangoja, halafu anaendelea. Huenda ndiye mtu wa kwanza aliyeningoja.

Mwaka ule, ng'ambo ya mto, mtoto aliumwa na mbwa mwenye kichaa, akafa. Sitalificha hilo. Kila mzazi aliogopa, na mama alilala Kanini amemkumbatia. Ikatangazwa kanisani na sokoni kwamba mbwa wote wapelekwe joshoni, pale ng'ombe huogeshwa dawa ya kupe, wachanjwe. Kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine, kazi ikapewa Daktari, naye akasahau maneno yake ya mali.

Nilimpeleka Jaji mimi, kwa kamba ya katani aliyokuwa hata haihitaji. Joshoni kulikuwa na vita. Mbwa wanapigana, kamba zimeshonana, wazee wanatukanana juu ya nani mbwa wake ameanza. Jaji aliketi katikati ya fujo akainamisha kichwa. Daktari alimdunga, akampulizia rangi ya buluu shingoni, ile rangi ya kuonyesha huyu amechanjwa, kisha akanipa kitabu. Niliandika kwa mkono wangu: Jaji. Dume. Mzee. Amechanjwa.

"Hiyo ya mzee si lazima," alisema.

Niliiacha. Alikuwa mzee. Cheti nilichopewa nilimpa mama, akakifungia sandukuni, ufunguo kwenye leso yake.

Wakatangaza kwamba baada ya majuma mawili watu watapita na gari nyumba kwa nyumba, na mbwa asiye na buluu atachukuliwa. Haikuwa siri atachukuliwa kufanywa nini.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya kuoga. Kwetu kanisa letu linabatiza kwa kuzamisha mtu mzima mzima kwenye bwawa, na watoto walikuwa wameona ubatizo Jumapili iliyopita. Mimi nilikuwa mtoni nachota maji kwenye shimo la mchanga. Kurudi, nakuta Jaji amesimama ndani ya karai kubwa, mwili mzima povu la sabuni ya unga. Mumo amevaa koti la baba, ndiye mchungaji. Kanini ndiye kwaya.

"Je, unakubali kuacha dhambi zote?" Mumo anamuuliza mbwa.

Jaji kimya.

"Anakubali!" Kanini akajibu kwa niaba yake.

"Na kuiba mayai?"

"Anakubali, lakini si sana!"

Walimsugua kwa magunzi ya mahindi. Waliniambia kwa furaha, "Alikuwa na uchafu wa buluu hapa shingoni, umekataa kutoka, lakini tumeushinda."

Na mnajua sisi wakubwa tulifanya nini? Tuligombana juu ya maji. Mitungi miwili mizima imemwagwa kwa mbwa, wakati wa kiangazi! Mama aliwachapa kidogo, mimi nikanuna kwa sababu ni mgongo wangu ulioileta ile mitungi. Buluu hakuna aliyeifikiria. Tulimpeleka Jaji juani akauke. Alinukia vizuri siku nzima, na Jumapili alitufuata mpaka kwenye lango la kanisa, mweupe kama mtu aliyeokoka.

Gari lilikuja Jumanne, majuma mawili yalipotimia. Mama alikuwa kwenye mwethya, kile kikundi cha kina mama cha kulimiana, siku hiyo wanachimba matuta kwa jirani ng'ambo ya kilima. Shule ilikuwa imefungwa. Mimi nilikuwa napiga ndengu kwa fimbo uani, watoto wanaokota zilizoruka. Pikapu ikaingia mpaka penye ndengu zetu, wakaruka vijana wawili wa gambuti nisiowajua, na mbele, kwenye kiti cha abiria, akashuka Daktari na mfuko wake begani.

Jaji alipomwona aliinuka. Alichukua muda, lakini aliinuka, akaenda akaweka kichwa kwenye kiatu chake.

"Huyu ana alama?" kijana mmoja akauliza.

Daktari akainama, akapangusa miwani, akapapasa shingo. "Sioni alama."

"Tulimuosha!" Mumo akasema. "Tulimbatiza!"

Wale vijana wakacheka mpaka mmoja akashika ubavu wa gari. "Amebatizwa! Basi huyu ataenda mbinguni moja kwa moja." Kisha akauliza, "Mkubwa ni nani hapa?"

Wote wakanitazama.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na fimbo mkononi. Nilijua kila kitu. Nilijua kitabu kiko ndani ya mfuko ule, na ndani ya kitabu kuna mstari, na mstari huo ni wangu. Lilihitajika neno moja: kitabu. Nililisikia kabisa kichwani. Lakini lilifika hapa kooni likakaa. Daktari alinitazama pia. Mkono wake ulikuwa juu ya zipu ya mfuko. Aliuacha hapo hivyo, hafungui, hafungi.

"Mzee, tunachelewa," kijana akasema. "Unasemaje?"

Na Daktari akasema, akiwa bado ananitazama, "Kama haionekani, haipo."

Walitaka kumvuta kwa kamba. Daktari akakataa, akamwinua mwenyewe, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya tumbo, kama anavyobeba mwanambuzi, akamweka nyuma ya pikapu. Jaji hakubweka. Alizoea kuinuliwa. Kanini akakimbia nyuma ya gari akisema, "Bado kidogo, bado kidogo!" akidhani anasaidia. Mumo akaniuliza, "Anapelekwa hospitali?" Sikujibu hata hilo. Walimpungia mkono.

Mama aliporudi na jembe begani alielewa kabla ya kuambiwa. Alifungua sanduku, akatoa cheti cha chanjo, akakitazama kama kitu kilichochelewa basi. Akaniuliza, "Ulimwambia?"

"Hakuniuliza," nikasema.

Hilo lilikuwa kweli na lilikuwa uongo, na mama hakuuliza tena. Ila hakumwita Daktari tena nyumbani kwetu. Mbuzi wawili walitufia mvua zilipokuja, wa kutibika, na bado hakumwita. Kanisani alikaa upande mwingine. Majirani wakasema, "Ni mbwa tu." Hata mama mmoja wa kikundi cha maombi alisema mbele ya watoto, "Mtu analilia mbwa na kuna mtoto wa watu alikufa?" Kama kwamba mtoto yule aliumwa na Jaji! Kama kwamba Jaji, aliyechanjwa, asiye na meno, aliyekuwa anatafuniwa nyama na Kanini, ndiye aliyelileta jambo lile! Mumo aliendelea kusimama mtoni saa saba akitoka shule, anatazama ng'ambo ya huku, ndipo avuke. Kanini aliacha kuimba akiogeshwa. Walijua sasa kwamba ni wao walioiosha ile buluu. Nani aliwaambia, sijui. Watoto wa shule, labda. Mtoto wa miaka minne kubebeshwa jambo la watu wazima, hilo ndilo siwezi kulimeza.

Baadaye dada alituchukua, watoto na mimi, tukaja Malili. Watoto wanasoma hapa. Mimi naosha vyombo hotelini na kupeleka chai mezani, kwa sababu kupeleka chai hakuhitaji maneno mengi.

Mwezi uliopita akaingia. Alikuwa ameshikwa mkono na binti yake, wanatoka hospitali ya macho. Binti akaenda kutafuta choo. Daktari akapapasa meza, akaweka mfuko wa ngozi, akaweka chupa yenye maua mekundu. "Nijazieni chai," akasema. Sasa ile chupa ni ya chai kweli.

Niliijaza. Chai kidogo ikamwagika mezani. Akasikia nimesimama tu, akafungua zipu, akatoa kitabu. Kile kile. "Wewe ni msichana? Niandikie hapa siku ya kurudi hospitali. Macho yameisha. Ni Alhamisi ya juma lijalo."

Nilikifungua kitabu. Sikutafuta ukurasa mtupu. Nilirudi nyuma, nyuma, mpaka nikaona herufi zilizolala upande. Nikasoma kwa sauti. Mimi. Madereva watatu mezani pembeni wakageuka.

"Jaji. Dume. Mzee. Amechanjwa."

Daktari akageuza uso kwangu. Kisha akasema, "Kelitu."

"Ndiyo, Daktari."

"Mama yako ni mzima?"

"Kitabu kilikuwa ndani ya mfuko."

"Kilikuwa ndani."

"Ulijua."

"Nilijua." Akavua miwani, ingawa sasa haimsaidii kitu. "Wale vijana walikuwa wameambiwa wazee tunawaficha mbwa wa marafiki. Ningefungua kitabu mwenyewe, wangesema nimemtetea mbwa wa nyumba ninayokunywa chai. Nilitaka mtu wa nyumba aseme. Nilikungoja useme."

Nyinyi mnaosoma, nisaidieni. Mzee wa wajukuu alimngoja mtoto wa miaka kumi na mitano! Mtu aliyejua kwamba mimi hata kuandika neno moja lazima ningojewe, siku ile akanipa kiasi cha pumzi tatu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu maneno hayakukwama.

"Maisha yako yote umewaambia watu usiniambie, nionyeshe! Mimi ningekuambia nini? Wewe ndiye ulikuwa wa kuonyesha! Ulilisingizia jua kwa ajili ya chai ya mama yangu, na kwa Jaji ukashindwa hata kusema ukweli uliokuwa kwapani kwako! Na Kanini mpaka leo anadhani ni yeye!"

Madereva waliacha kula. Dada alitoka jikoni na chapati kwenye mwiko, akasimama. Nadhani hakuwahi kuisikia sauti yangu ikiwa na ukubwa huo.

Daktari hakujitetea. Alipapasa ukurasa kwa kidole. Kisha akasema, "Andika hapo chini yake kwamba nilijua."

"Hiyo andika mwenyewe," nikamwambia, na nikamwekea kalamu mkononi, na kidole chake juu ya mstari.

Akaandika. Ilichukua muda mrefu kuliko mimi. Herufi zilipanda juu ya mistari, zikavuka ukingo, nyingine zikaandikwa juu ya nyingine. Na kama kawaida yake akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya madereva na dada yangu: "Mbwa... alikuwa... amechanjwa. Daktari... alijua. Watoto... hawana... kosa."

Niliuchana ukurasa ule. Hakuuliza. Nilifunika chupa yake, nikaikaza vizuri, na binti yake akaja kumchukua. Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu sijamsamehe. Jioni hiyo nilimsomea Kanini. Sasa ana miaka minane. Aliniambia nimsomee tena pale pa mwisho, kisha akaomba ukurasa, akaukunja, akautia ndani ya soksi yake.

Nimemaliza, na mkono unauma. Sina wa kumuuliza hapa, kwa sababu dada anasema niyaache yaliyopita. Kwa hivyo nawauliza nyinyi. Niandikieni mniambie, kati ya mzee aliyeshika zipu na msichana aliyeshika fimbo, nani alipaswa kusema. Kama ni mimi, semeni ni mimi. Msinifariji. Na kama mwandiko wenu ni mbaya kama huu wangu, andikeni tu. Nitausoma polepole.